Garland hadi Memphis kwa gari: binti, mizigo ya chuo na bastola kiunoni

Nimerudi, nimelala, nimefua, na sasa naandika kutokana na daftari nililokuwa nalichomeka kwenye mlango wa gari pamoja na picha za kwenye simu. Ilikuwa Agosti, nampeleka binti yangu kuanza mwaka wa kwanza wa chuo Memphis, Tennessee, mji ambao kati yetu sisi wawili hakuna aliyewahi kuukanyaga. Njia ni nyepesi kuielekeza: kutoka kwetu Garland, jirani na Dallas, Texas, unashika barabara kuu ya I-30 mpaka Little Rock, Arkansas, kisha I-40 mpaka mto Mississippi. Ni kama maili 450, na hakuna kituo cha kulipia barabara hata kimoja.

Nimesoma simulizi nyingi za wenzetu wa huku Marekani kuhusu kusafiri na watoto wadogo au na wazazi waliotoka nyumbani. Kuhusu kusafiri na silaha sijasoma hata moja, na najua tuko wengi tunaobeba.

Mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku. Leseni ya Texas ya kubeba bastola niliichukua baada ya mwenzangu kuporwa kwenye maegesho saa kumi alfajiri, sare ya kazi ikiwa bado mwilini. Tangu tarehe 1 Septemba 2021, mtu wa miaka 21 na kuendelea asiye na zuio la kisheria anaweza kubeba Texas bila leseni, na watu huniuliza kwa nini nilijisumbua. Nilijisumbua kwa ajili ya safari kama hii, kwa sababu leseni ndiyo inayotambulika ukivuka mpaka wa jimbo. Ada yake ni dola 40. Kuna darasa, na kuna mtihani wa risasi 50 kwa umbali wa yadi 3, 7 na 15. Kwa mgeni wa mambo haya: mwenye Green Card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa kumiliki silaha. Mwenye viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi, na kwa usalama wake asikubali hata kushikishwa ya rafiki kwa ajili ya picha.

Jumatano jioni, Garland

Kufungasha. Friji dogo, feni, mashuka, mwiko, sufuria na mfuko wa sembe. Binti yangu alisimama kwenye mlango wa chumba changu akaniuliza, "Mama, na ile itakaa wapi?"

Nikamwonyesha. Kwenye holsta, kiunoni kulia, chini ya blausi pana, tukiwa barabarani. Mahali pasiporuhusiwa itaingia kwenye sanduku dogo la chuma lililofungwa kwa waya mzito kwenye chuma cha chini ya kiti changu. Sanduku na waya vilinigharimu chini ya dola 40 na ndiyo pesa iliyotumika vizuri kuliko zote katika safari hii. Aliangalia, akasema sawa, akaenda kulala. Hajaipenda tangu nilipoinunua, na hakuwahi kunificha.

Jambo moja la kufanya kabla hujafunga zipu: begi unalokwenda nalo kwenye mazoezi ya shabaha lisiwe ndilo begi la safari. Mwaka 2024 Wamarekani kadhaa walikamatwa katika visiwa vya Turks and Caicos kwa risasi chache zilizosahaulika kwenye mabegi, na sheria ya kule kima chake cha chini kilikuwa kifungo cha miaka 12, labda mahakama ione sababu za kipekee. Sisi tunaoruka kwenda Dar na Nairobi kila baada ya muda tuwe na begi la silaha ambalo halijui uwanja wa ndege.

Alhamisi, Garland – Texarkana – Little Rock

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, chai ya tangawizi kwenye chupa, vitumbua kwenye foili. Mpaka Texarkana hakuna la kueleza zaidi ya miti na malori.

Texarkana ni mji mmoja uliokatwa na mpaka wa majimbo mawili, na katikati ya State Line Avenue limesimama jengo la posta na mahakama ambalo nusu liko Texas, nusu Arkansas. Chini limejengwa kwa graniti ya rangi ya waridi ya Texas, juu kwa mawe ya chokaa ya Arkansas. Watu husimama pale mguu huku mguu kule wapigwe picha, na binti yangu aliitaka hiyo picha.

Sasa hapo ndipo safari ya mwenye silaha inapotofautiana na ya wengine. Jengo la serikali kuu halina habari na leseni ya Texas wala ya Arkansas. Silaha haiingii, na kwa upande wa posta kanuni yenyewe inagusa hadi maegesho yake. Kwa hiyo niliegesha mtaa mwingine kabisa, tukiwa bado ndani ya gari nikaifunga kwenye sanduku, tukatembea. Picha imetoka vizuri. Ila dakika tano za picha zilinigharimu dakika ishirini, na ukisafiri hivi jipangie muda wa namna hiyo kila unaposhuka.

Ukivuka, Texas na Arkansas zinaelewana: leseni yangu inatambuliwa. Tukapita Hope, alikozaliwa Bill Clinton, mji unaosifika kwa matikiti makubwa. Clinton ndiye aliyesaini, Novemba 1993, sheria ya Brady, inayomlazimu muuza silaha mwenye leseni kumchunguza mnunuzi kabla ya kumkabidhi. Ndiyo ile simu ambayo muuzaji wangu aliipiga siku nanunua, mimi nimesimama kaunta nikisubiri jina langu lirudi safi. Sheria ina jina la James Brady, msemaji wa Rais Reagan aliyepigwa risasi ya kichwa mwaka 1981. Nilimweleza binti yangu haya yote naye akawa anasikiliza kwa sikio moja, lingine lina muziki.

Maili kadhaa mbele, tairi la nyuma kulia likapasuka.

Jua la saa saba mchana la Arkansas si la kuchezea. Niliingiza gari kwenye ukingo wa barabara, nikawasha taa za tahadhari, tukashusha friji, feni na sembe ili tulifikie tairi la akiba. Nikachuchumaa na spana. Nati ya kwanza ikagoma, nikaegemea mbele kwa uzito wote, na nikasikia blausi ikipanda mgongoni. Nikaishusha kwa mkono wa kushoto. Nikajaribu tena, ikapanda tena. Gari aina ya pikapu likasimama nyuma yetu.

Alishuka mzee wa Kizungu, mrefu, kofia ya majani kichwani, na kiunoni kwake bastola wazi kabisa, iko nje ya nguo kama wengine wanavyoning'iniza funguo. Binti yangu alirudi hatua moja. Mimi nilisimama, mikono mbele, nikamsalimu. Akaniuliza kama nina tatizo la tairi tu au na la maji ya kunywa pia, akafungua kikasha cha barafu akatupatia chupa mbili kabla hata hajatazama gurudumu. Kisha akapiga magoti kwenye lami ile ya moto, akafungua nati zote na kufunga tairi la akiba, huku akinihadithia juu ya mjukuu wake aliyeanza chuo mwaka jana. Alikataa pesa. Alituuliza tunatoka nchi gani, akasema Tanzania ameisikia kwa sababu ya Kilimanjaro. Nusu saa nzima watu wawili wenye bastola walikuwa hatua moja kutoka kila mmoja, na mmoja tu ndiye aliyejulikana. Aliporudi kwenye pikapu akaleta tikiti, akalilaza juu ya mashuka ya chuo.

Tairi jipya tulinunua Arkadelphia, dola 118 pamoja na kulifunga. Ukipita njia hii, kagua tairi la akiba kabla hujapakia, maana litakuwa chini ya kila kitu.

Kabla ya Little Rock niliingia kwenye sheli tulivu, nikaegesha pembeni, nikazima injini. Nikatoa magazini yenye risasi, nikavuta nyuma kipande cha juu cha bastola, nikakagua chemba kwa macho na kwa kidole, nikaweka bastola tupu kwenye sanduku na kugeuza ufunguo. Sababu yake hii hapa, na wengi wenye leseni hawaijui. Sheria ya serikali kuu inakataza silaha ndani ya futi 1,000 kutoka shule ya msingi au ya sekondari, nje ya mali binafsi. Mwenye leseni amesamehewa, lakini msamaha unahusu leseni iliyotolewa na jimbo ambalo shule ipo. Kutambuliwa hakutoshi. Leseni yangu ya Texas inanikinga mbele ya shule za Texas. Arkansas na Tennessee, njia ya wazi ni silaha tupu ndani ya sanduku lililofungwa. Na mji usioujua hujui shule zake ziko kona ipi, hivyo mimi huifunga kabla sijaingia mjini.

Hoteli, dola 89 na kodi juu yake. Foleni ya ujenzi wa barabara ilitula karibu saa nzima. Chakula cha usiku kilikuwa kambare wa kukaanga kwa unga wa mahindi, na tikiti la mzee.

Ijumaa, Little Rock – Memphis

Asubuhi tulikwenda Central High, kwa kuwa binti yangu aliisoma darasani na alitaka kuiona. Ni shule inayofanya kazi mpaka leo, jengo kubwa la matofali ya kahawia lenye ngazi pande mbili. Septemba 1957 wanafunzi tisa weusi walikuja kuanza masomo hapa, shule iliyokuwa ya wazungu tu. Gavana Orval Faubus akaweka askari wa jimbo kuwazuia. Baadaye Rais Eisenhower akatuma askari wa miavuli wa Divisheni ya 101, na tarehe 25 Septemba wale tisa wakaingia darasani. Watoto wale walizungukwa na bunduki mara mbili ndani ya mwezi mmoja, kwanza za kuwazuia mlango, kisha za kuwafungulia.

Tulisimama ng'ambo ya barabara kwenye kivuli. Bastola ilikuwa ndani ya sanduku ndani ya gari, mbali. Binti yangu akaanza kusema bila kuulizwa.

Akasema alipokuwa darasa la pili mwalimu alizima taa, akabandika karatasi nyeusi kwenye kioo cha mlango, akawapanga chini ya ukuta ule usioonekana kutoka nje. Kila mtoto akapewa pipi ya kijiti, ili midomo iwe na kazi na mtu asiongee. Yeye alipewa ya zambarau. Alikuwa haipendi ladha ya zabibu lakini aliogopa kuomba nyingine, kwa sababu kuomba ni kutoa sauti. Zoezi hilo walilifanya kila mwaka mpaka anamaliza sekondari. Na baada ya Uvalde, Mei 2022, walipouawa watoto 19 na walimu wawili katika jimbo letu hilihili, alikuwa akienda shule na betri mbili za akiba ili simu yake isizime kabla hajanipata.

"Hukuniambia," nikasema.

"Ungefanya nini, mama? Usingeruhusiwa kuingia nayo."

Ni kweli. Nilinunua bastola nimlinde, na siku zote za masomo yake alikuwa mahali ambapo siwezi kuwa nayo, na chuoni itakuwa hivyohivyo. Sikuwa na la kumjibu pale. Nikamkumbatia, tukarudi kwenye gari.

I-40 kuelekea mashariki ni tambarare. Arkansas ndilo jimbo linaloongoza Marekani kwa mpunga, na mashamba yalianza punde tu baada ya mji: kijani kibichi mpaka upeo, majaruba yamepimwa kwa rula. Mimi ni mtu wa Morogoro, nimekulia na wali wa Ifakara mezani, nikapunguza mwendo. Malori hayakupunguza.

Tulivuka Mississippi kwenye daraja la Hernando de Soto, lenye matao mawili yanayofanya herufi M, na mbele yako piramidi kubwa ya chuma kinachong'aa. Zamani ilikuwa uwanja wa mpira wa kikapu, leo ni duka la Bass Pro linalouza mitumbwi, nguo za kuwindia na bunduki.

*Kabla hujapanga njia yako.* Tennessee inatambua leseni ya kila jimbo, na tangu Julai 2021 haidai leseni kabisa kwa aliyetimiza masharti. Lakini mwenye eneo akibandika tangazo la kukataza silaha, lina nguvu ya sheria, kwa hiyo soma mlango kabla hujaushika. Usichanganye na pombe hata kidogo. Na usidhani kote ni hivi. Ukielekea Chicago, Illinois haitambui leseni yako nje ya gari: inaruhusu ibaki ndani ya gari lako, na ukishuka iwe imefungwa humo. New Jersey, New York na Massachusetts hazitambui kabisa, na huko kuna mikutano na harusi zetu nyingi. Sheria ya serikali kuu ya mwaka 1986 inakulinda unapopita tu, silaha ikiwa tupu na imefungwa mahali usipoweza kuifikia. Sanduku la dashibodi halihesabiki. Nako kupita kuwe kupita. Mwaka 2005 msafiri mmoja aliyekosa ndege ya kuunganisha Newark, New Jersey, alilala hotelini na begi lenye bastola aliyoitangaza vizuri alikotoka, asubuhi alipoitangaza kaunta akatiwa mbaroni, na mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikasema ile sheria haikumkinga. Kwa ndege: silaha tupu, sanduku gumu lililofungwa, kwenye mzigo wa chini, na uitangaze kaunta. Mwaka 2023 walinzi wa viwanja vya ndege vya Marekani walikuta silaha 6,737 kwenye mabegi ya mkononi, na zaidi ya tisa kwa kila kumi zilikuwa na risasi ndani.

Wenyeji wetu walikuwa familia ya Kikongo, watu wa Uvira, tuliounganishwa nao na mchungaji wetu. Hatukuwahi kuonana. Mama mwenye nyumba alitupokea barazani na kanga mabegani, watoto wake wadogo wanaruka nyuma yake. Kabla sijavuka kizingiti nikamwita pembeni.

"Mama, nina bastola kwenye gari. Nina leseni yake. Sitaki kuingia kwako bila kukuambia."

Alinyamaza kidogo. "Sisi tulikimbia bunduki, dada," akasema. "Wewe ingia, mtoto aingie, mizigo yote iingie. Hiyo hapana."

Hakusema kwa ukali. Nikamshukuru, na nilimaanisha. Ila tatizo lilibaki, kwa sababu Memphis ni miongoni mwa miji inayosumbuliwa sana na wizi wa bunduki ndani ya magari, na bastola ikiibwa kwangu itamlenga mtoto wa mtu mwingine. Nikasema nitafute hoteli. Mume wake, dereva wa lori, alikuwa amesikia. Akatoka nje, akaondoa gari lake la abiria saba kwenye gereji, gereji iliyosimama peke yake nyuma ya nyumba, akaniambia niingize langu. Akashusha mlango, akatia kufuli, akanipa ufunguo wake. "Mji nitawatembeza mimi," akasema. "Lenu lilale."

Usiku tulikula ugali, sombe na dagaa wa ziwa Tanganyika ambao mtu aliwaletea kwenye begi kutoka Bujumbura. Binti yangu alikula mpaka nikashangaa.

Jumamosi, chuoni

Kuhamia bweni: ghorofa ya tatu, lifti moja, na foleni ya wazazi wenye mafriji. Baba mwenyeji alibeba letu begani. Tennessee inakataza silaha kwenye maeneo ya vyuo, ingawa mwenye leseni anaweza kuiacha imefungwa ndani ya gari lake. Sikuhitaji kulifikiria hilo, kwa sababu ilikuwa gerejini. Niligundua mchana kwamba nilikuwa nimetembea saa nyingi bila kupapasa kiuno. Jioni tukawaona bata wa hoteli ya Peabody wakitoka kwenye chemchemi saa kumi na moja kamili na kupita kwenye zulia jekundu, bure, watoto wa wenyeji mbele kabisa.

Jumapili, Lorraine

Baada ya ibada tulikwenda sote Lorraine Motel, ambayo tangu 1991 ni makumbusho ya haki za raia. Kwa nje wameiacha kama ilivyokuwa tarehe 4 Aprili 1968: magari ya zamani mawili chini, na juu, mbele ya chumba 306, shada la maua kwenye kizuizi cha roshani aliposimama Martin Luther King Jr., kiongozi wa haki za weusi, alipopigwa risasi. Ukigeuka nyuma unaliona jengo la ng'ambo, ambalo risasi ilitoka kwenye dirisha lake la bafu. Umbali wake ni mdogo kuliko nilivyofikiri. Ukiita kwa sauti, mtu wa upande wa pili anageuka.

Kuna jambo nililolijua tangu zamani na siku ile nilihitaji kulisema kwa sauti. Mwaka 1956, wakati weusi wa Montgomery, Alabama, wakigomea mabasi, nyumba ya King ililipuliwa kwa bomu, mkewe na mtoto wao mchanga wakiwa ndani. Baada ya hapo aliomba kibali cha kubeba bastola. Alikuwa mchungaji, hana kosa, ana kila sababu. Wakuu wa Alabama wakamnyima. Baadaye yeye mwenyewe akaamua nyumbani kwake hakutakuwa na bunduki, akaishi hivyo mpaka hapa.

Nilikuwa namwambia binti yangu. Mama mwenyeji aliyekuwa kando yetu akauliza, "Kwa hiyo alipotaka walimkatalia, na alipoacha kutaka wakamwua?"

Nikasema ndiyo.

Akatazama roshani muda mrefu, akamvuta mwanawe mdogo karibu. Halafu akaniuliza swali ambalo nimelibeba mpaka Garland: siku ile ninayoiogopa ikifika, je, nitawahi? Kwao Uvira, akasema, jirani yao alikuwa na bunduki ndani, na waliokuja usiku waliijua, wakaanzia nyumba ile. Nilimjibu kwa ukweli: mwenzangu wa kazini aliporwa akiwa peke yake, nami hutembea maegesho yaleyale, na nikiwa nayo hupata nguvu ya kwenda kazini. Hakunibishia. Akasema, "Basi Mungu akulinde usije ukaihitaji," na tukaingia ndani, ambako kila mtu hupekuliwa mlangoni na silaha haziruhusiwi.

Tenga angalau saa tatu. Jumanne hufungwa. Watoto wa chini ya miaka saba nane watachoka katikati.

Jumatatu, Memphis – Garland

Niliagana na mwanangu kwenye ngazi za bweni. Hilo sitaliandika.

Wenyeji walinipa maandazi ya njia nzima, wakakataa hata pesa ya mafuta. Nilipopita miji ya mwisho ya I-40 na kuvuka Little Rock, nikasimama, nikaivaa. Nilikuwa peke yangu na maili nyingi mbele.

Kusini ya Benton taa za buluu zikanijaa kwenye kioo.

Kila mweusi anayebeba silaha kihalali nchi hii ana jina moja kichwani wakati huo. Philando Castile, Julai 2016, Minnesota, mfanyakazi wa jikoni shuleni, alikuwa na kibali. Alimwambia afisa kwa upole kwamba ana silaha. Sekunde chache baadaye alikuwa amepigwa risasi, mchumba wake kando yake na mtoto wa miaka minne kiti cha nyuma. Mwaka 2017 mahakama ikamwachia yule afisa.

Nikatoka barabarani taratibu, nikazima injini, nikashusha vioo vyote, nikaweka mikono juu ya usukani na vidole wazi. Kadi zangu mbili, ya udereva na ya kubeba silaha, huwa nimezichomeka kwenye dashibodi kabla ya safari, sizitafuti mfukoni. Afisa akaja upande wa abiria. Nikasema, "Habari za mchana, afisa. Kadi zangu ziko hapa mbele. Nina leseni ya kubeba, na silaha iko kiunoni kulia. Mikono yangu haiondoki hapa mpaka uniambie." Sikutaja silaha kwanza. Nilitaja kadi kwanza, nikamaliza na mikono.

Alikuwa kijana. Akasema, "Usiiguse yako, nami sitaigusa yangu." Taa ya breki ya kushoto ilikuwa imezimika. Akachukua kadi, akaenda, akarudi, akanipa onyo la karatasi na kunielekeza duka la vipuri kwenye njia ya kutokea inayofuata. Dakika kumi hivi zote. Taa dola 9. Alipoondoka mikono yangu iliendelea kubaki juu ya usukani, na nilikula andazi moja zima kabla sijaweza kuwasha gari.

Usiku, nikiwa nyumbani, nilimpigia binti yangu nikamsimulia yote. Akalia, kisha akaniambia anachotaka. Novemba nitakwenda kumchukua kwa sikukuu ya Shukrani (Thanksgiving). Tukabishana kidogo, tukaelewana: kwenda nikiwa peke yangu nitaamua mwenyewe. Kurudi naye ndani ya gari, itakuwa tupu, kwenye sanduku, kwenye buti, kuanzia mlango wa bweni lake hadi mlango wetu. Nimeshanunua waya mrefu zaidi wa kufikia buti, na baba mwenyeji ameniambia gereji itakuwa wazi.